Koti Lisilopitisha Upepo

Mimi si mtu wa kudanganywa kwenye mtumba. Nimezaliwa El Alto, kule juu kwenye baridi ya Bolivia, nimezeekea El Alto, na mama yangu alinifundisha kuchagua koti kabla hajanifundisha kupika supu. Koti la baridi, alisema, lina mitihani minne. Kwanza linuse, ukisikia ukungu, rudisha. Pili, vuta mishono ya kwapani kwa nguvu zako zote, maana koti huanza kufa kwapani. Tatu, libinye kama unavyobinya mkate, uone kama litafura tena lenyewe. Nne, na huu ndio mtihani mkubwa, weka mdomo kwenye kitambaa upulize. Ukisikia pumzi yako upande wa pili, hata liwe zuri namna gani, mwachie mwenyewe.

"Na bei je?" nilimuuliza.

Akanipiga konzi. "Bei ni ya mwisho, mjinga wewe. Ukianza na bei utavaa bei."

Jumapili ile ya Juni nilikuwa na boliviano mia na hamsini kwenye kifua, nilizodunduliza kwa kuuza api, uji wetu wa mahindi ya zambarau. Koti lilikuwa la mdogo wangu Celso. Kesho yake alikuwa anapanda mgodini, kule juu kwenye theluji, kwa kibarua cha miezi sita. Mgodi unatoa kofia ngumu na buti. Koti ni juu yako. Mwaka wa nyuma jirani yetu alipanda na sweta mbili tu, akashushwa amekauka kama viazi tunavyovianika kwenye barafu. Mkewe alinionyesha vidole vya mumewe. Sikulala siku tatu. Basi nikaapa, mdogo wangu hapandi bila koti, na kama nisingelipata Jumapili ile asingeondoka, na asipoondoka kibarua kinachukuliwa na mwingine.

"Dada Nemesia, chukua lile jekundu twende zetu," Celso akaniambia tulipofika sokoni. "Nina njaa."

"Njaa haimuui mtu kwa siku moja. Baridi inaua. Nyamaza."

"Lile jekundu lina picha ya simba."

"Simba atakupikia?"

Ndivyo alivyokuwa Celso, miaka thelathini na miwili na akili ya sherehe. Tulikuwa tumefika mapema makusudi. Muuza mtumba yeyote wa kwetu hamwachi mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu. Akimwachia, siku nzima inaingia mkosi. Kwa hiyo mteja wa kwanza ana nguvu, ilimradi awe na moyo mgumu, na mimi moyo wangu unajulikana.

Mama mmoja aitwaye Tomasa alikuwa ndiyo kwanza anakata kamba za robota lake. "Karibu mama, nifungulie biashara, nipe baraka." Nikapekua. Takataka tupu: zipu zilizokufa, bitana zilizochanika, manyoya ya bata yaliyoganda mabonge mabonge. Nikageuka kama naondoka. Hapo Tomasa akaingiza mkono kwenye mfuko wa nailoni nyuma yake, akatoa koti la buluu.

Halikutoka kwenye robota. Niliona. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshaligusa.

Nilinusa: sabuni. Nikabinya, likafura. Nikavuta kwapa, kulia kulikuwa salama, kushoto kulikuwa kumeshonwa upya kwa uzi mwekundu, vimisalaba vidogo vidogo vilivyopangwa sawasawa. Aliyeshona pale alimpenda mwenye koti. Nikapuliza. Hakukupita kitu. Nilikuwa bado nimeweka mdomo pale, mwanamke mmoja mnene akaja akaushika mkono wa kulia wa koti.

"Hili nimeliona mimi," akasema.

"Umeliona kwa macho, mimi nimelishika kwa mikono. Achia."

"Achia wewe, bibi!"

Bibi? Nilimpiga kiwiko cha mbavu, akaning'ang'ania, nikamuuma kidole, akaachia huku akinitukana mpaka ukoo wangu wa zamani. Celso alicheka hadi akakaa chini. Tomasa alitaka mia mbili. Nikasema mia. Akalia kwamba namuua. Nikaliweka chini, nikapiga hatua tatu. "Mia na thelathini, rudi mama, usinitie mkosi!" Akazigusisha noti kwenye paji la uso, akajifanyia ishara ya msalaba, akaniongezea soksi. Celso akalivaa hapo hapo, akafunga zipu mpaka kidevuni.

"Dada," akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Ni kama niko kitandani."

Nilifurahi. Niseme nini tena, nilifurahi sana. Tukamaliza mahitaji yake mengine ya safari, ikawa alasiri, na kwa kubana matumizi tukaamua kurudi nyumbani kwa miguu, tukakata njia kupitia mtaa wa Villa Socorro.

Villa Socorro ni mtaa mkali. Kwenye nguzo za umeme wamenyonga masanamu ya nguo, makubwa kama watu, yamejazwa majani, na chini yake kibao: MWIZI TUKIMKAMATA TUNAMCHOMA. Sisemi kwa kuwashangaa. Mtaani kwetu yapo pia, na mojawapo limevaa suruali ya zamani ya Celso, niliyoitoa mimi mwenyewe. Huko juu polisi hufika kesho yake, wakifika. Kila mtu mzima ana filimbi shingoni. Filimbi tatu fupi ni mwizi. Moja ndefu ni mkutano wa mtaa, na asiyefika mkutanoni anapigwa faini isiyo na huruma.

Celso akasimama chini ya sanamu moja, akaunyosha mkono wa kushoto juu, akalitikisa lile sanamu mguu.

"Vipi mzee, hakuna baridi huko? Mimi mwenzio nina koti!"

Ng'ambo ya barabara mwanamke aliyevaa shali nyeusi alikuwa ameketi mlangoni kwake na kapu la mikate. Aliliona lile kwapa lililoinuliwa, na uzi mwekundu. Akainuka. Kapu likapinduka, mikate ikabingirika vumbini.

"Koti la Gumercindo!" akapiga ukelele. "Koti la mume wangu!"

Jina hilo tulilijua hata sisi. Gumercindo alikuwa dereva wa teksi wa mtaa ule. Mwezi wa tatu abiria walimnyonga kwa waya, wakamtupa mtaroni, wakaondoka na gari. Waliofanya vile hawakupatikana. Nikaelewa kabla Celso hajaelewa.

"Livue!" nikamwambia. "Celso, vua, kimbia!"

"Kwani nini?"

Filimbi ya kwanza ikalia. Tatu fupi. Ikajibiwa nyuma ya nyumba, kisha kila upande, milango ikafunguka kwa mkupuo, na watu wakamiminika na walichonacho: koleo, mwiko wa kujengea, mnyororo wa baiskeli. Aliyetangulia alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa koti la ngozi lenye manyoya ya kondoo ndani. Baadaye nilijua ni Hilarión, mkuu wa ulinzi wa mtaa, mdogo wake marehemu. Hakuuliza kitu. Alimpiga Celso kwa rungu mdomoni, na meno mawili ya mdogo wangu yakaanguka mbele ya viatu vyangu.

"Tumelinunua sokoni!" nikapiga kelele. "Asubuhi hii! Sokoni!"

"Wote husema sokoni!" mtu akanijibu.

"Siku za mwizi arobaini!" mwingine akaitikia, na mnyororo ukamshukia mgongoni.

Wakamfunga kwenye nguzo, chini ya sanamu lile lile alilolitania. Wanawake ndio walionishughulikia mimi. Kofia yangu iliruka, misuko yangu miwili ikashikwa na mikono miwili tofauti, mmoja huku mmoja kule. Nilipiga mateke. Nilimtemea mate mmoja wao. Nikapigwa na kitu kizito cha mbao sikioni, na kwa muda sikusikia kitu, niliona tu midomo ikifunguka, na mguu wa mtu ukimkanyaga Celso tumboni, na Celso akinitafuta kwa macho. Damu ilitiririka juu ya kitambaa cha buluu bila kuingia ndani. Nikaliona hilo pia. Akili ya mtu ni kitu cha ajabu.

Masikio yaliporudi nikamsikia Hilarión. "Petroli! Nileteeni petroli, yangu iko nyuma ya mlango! Haraka, kabla polisi hawajaitwa!"

Nilijitupa chini, nikaacha nusu ya msuko mmoja mkononi mwa mtu, nikatambaa katikati ya sketi na mikate mpaka kwenye miguu ya yule mjane. Alikuwa amesimama palepale, Mama Eusebia wa watu, mikono imeganda hewani.

"Mama, mdogo wangu hajaua mtu! Mtazame! Mwambie asichomwe!"

Hakunitazama. Alikuwa akisema peke yake, taratibu, "Liliungua. Niliona moshi. Liliungua."

"Nini kiliungua?"

"Koti."

Nikamshika shali. "Koti si walilichukua waliomuua?"

"Hapana," akasema. "Walichukua gari. Koti lilirudi na maiti. Nilifua damu yake kwa mikono yangu. Siku ya nane tukapeleka nguo zake zote mtoni, zikafuliwa, zikachomwa, apate cha kuvaa huko aendako. Mimi mjane nilikaa mbali kama inavyotakiwa. Niliona moshi."

"Nani alichoma?"

Macho yake yalimwendea shemeji yake, ambaye alikuwa amepokea galoni na anafungua kifuniko.

Yule mtu alijua. Tangu alipoliona lile koti alijua kabisa lilivyofika sokoni, na ndiyo maana rungu lake lilienda mdomoni kwanza.

"Sema, mama! Waambie!"

"Hawatanisikia."

"Sema!"

"Ni shemeji yangu..."

Nikamtia kofi. Mjane, mwenye msiba, ndani ya mtaa wake, Mungu anisamehe. Nikamtia la pili. "Huyo aliyefungwa ni mdogo wangu! Sina mwingine!"

Harufu ya petroli ilishafika. Hilarión alikuwa anammwagia Celso mabegani, na Celso alikuwa anapiga chafya, anasema, "Jamani, jamani," kama mtu anayeomba kupishwa njia. Eusebia akaweka mkono kifuani, akaipata filimbi yake, akapuliza.

Moja. Ndefu. Akapuliza mpaka pumzi ikamwisha.

Mkutano. Naapa, marungu yalisimama hewani. Watu wale walikuwa wamefundishwa na faini miaka mingi. Filimbi ndefu ikilia unaacha chungu jikoni unakuja. Wakageuka wote. Mwenye kibiriti akakiweka mfukoni.

"Nani kaitisha mkutano?" mzee mmoja akauliza.

"Mimi," akasema Eusebia. Shavu lake lilikuwa jekundu kwa vidole vyangu. "Kila siku nikifumba macho Gumercindo ananijia anatetemeka. Ananiambia, Eusebia, koti langu liko wapi? Nikadhani ni majonzi tu." Akaenda mpaka kwenye nguzo, akauinua mkono wa Celso kadiri kamba ilivyoruhusu. "Uzi huu ni wangu. Koti hili lilirudi na maiti, wengi wenu mlimwona amelala nalo. Nililitoa likachomwe siku ya nane. Nilimpa Hilarión."

"Shemeji amechanganyikiwa na msiba," Hilarión akasema. "Msimsikilize, leteni kibiriti."

"Ulichoma nini mtoni, Hilarión?" yule mzee akauliza.

"Nguo. Mashati. Suruali."

"Na koti?"

Akatutazama mmoja mmoja. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani. "Lilikuwa koti zuri, jamani!" akapasuka. "Manyoya matupu! Nani kati yenu angelitia moto koti kama lile? Nani? Nilipewa themanini tu, nikanunulia watoto viatu!"

Na mimi, niseme ukweli, moyoni nilimpa haki yake. Nisingelichoma. Kama angesema hivyo nusu saa kabla, kila mtu angemzomea, angetoa faini, yakaisha.

"Themanini," akasema Eusebia. "Umemwacha kaka yako akitetemeka. Na huyu ulikuwa unamchoma ukijua."

Sijui nani alianza. Pengine mimi. Nakumbuka jiwe lilikuwa mkononi mwangu na halikuwa dogo, na nakumbuka sauti lilipompata juu ya jicho. Wale wale waliompiga Celso ndio waliomgeukia, kwa hasira mara mbili, kwa sababu sasa walikuwa na aibu pia. Rungu lake mwenyewe lilimvunja mkono. Wanawake walioshika misuko yangu walimshika nywele. Alilia akiyataja majina ya watu, "Wewe Froilán, nilikujengea ukuta! Wewe Casta, nilimbeba mwanao!" Na Casta akampiga koleo la goti. Nilisimama karibu, nikapiga teke kila nilipopata nafasi, mpaka mguu ukaniuma.

Walimfungua Celso ili wapate kamba. Akaniangukia. Eusebia akamvua lile koti la buluu polepole, kama anamvua mgonjwa, akalikunja, akaliweka katikati ya barabara. Petroli ilikuwa tayari ndani yake. Njiti moja tu ya kibiriti. Liliwaka kwa moshi mweusi mzito, naye akapiga magoti mbele yake akisema, "Vaa, baba, vaa sasa, jifunike." Watu wakavua kofia.

Celso alibaki na shati, mdomo umevimba, mbavu zinapiga kelele akipumua, anatetemeka. Ilikuwa saa kumi, jua linaelekea mlimani, na ule upepo wa Juni ulikuwa umeanza kushuka. Nikatazama ule moto nikawaza: mia na thelathini. Miezi sita mgodini. Kesho.

Kabla ya kumfunga Hilarión kwenye nguzo walimvua koti lake. Yule Froilán akanirushia. "Koti kwa koti, mama. Chukueni mwende."

Ngozi nzito, manyoya ya kondoo ndani. Nililidaka. Na mikono yangu, nawaapia, ilifanya kazi yenyewe. Nilinusa: tumbaku na jasho, hakuna ukungu. Nikavuta makwapa, uzi wa fundi wa viatu, mara mbili mbili. Nikabinya manyoya, yakafura. Nikaweka mdomo kwenye ngozi, nikapuliza.

Hilarión alikuwa ananitazama kutoka kwenye nguzo, jicho moja limefumba, ana shati na fulana tu.

"Dada," akasema. "Niachie hilo. Usiku unaingia."

"Wewe ungemwachia mdogo wangu ngozi yake?"

"Dada, ni Juni."

Nilijua ni Juni. Ningewaambia watu wale, mfungueni saa hii, au mtupieni hata blanketi. Walikuwa wanasema kwa sauti kwamba watamfungua asubuhi, akishajifunza. Nililipitisha koti kwenye mkono wa Celso ulioumia, kisha mkono mzima, nikamfunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Linafaa," nikamwambia. "Twende."

Alfajiri lori la mgodi likamchukua, mbavu zimefungwa kitambaa, uso mzima zambarau. Saa mbili nilikuwa kwenye meza yangu namimina api, dereva mmoja akaja akaniambia, yule wa Villa Socorro hakufunguliwa. Kila mmoja alidhani mwenzake atamfungua. Kulipokucha walikuta nywele zake zina barafu.

"Maskini," nikasema, nikampa chenji yake.

Celso alirudi Desemba na vidole vyake kumi. Alikaa jikoni kwangu, akala sahani tatu, ndipo akaniuliza, "Dada, mwenye koti hili walimfungua?"

"Walimfungua," nikasema. "Asubuhi."

Akaniangalia kidogo, akaomba sahani ya nne.

Hiyo ni miaka tisa sasa. Bado anapanda mgodini, bado ni koti hilo hilo. Kila Juni kabla hajaondoka namwambia alivue, nalipeleka dirishani. Nalinusa. Navuta mishono ya makwapa kwa nguvu zangu zote, nikitaka iachie, nipate sababu ya kulitupa. Haiachii. Naweka mdomo kwenye ngozi, napuliza, na hakuna kinachopita. Basi namrudishia, namwambia avae.